Kumsindikiza Mama Zephaniah

Jumanne, 4 Juni

Elieshi anaolewa! Nimeandika hilo kwanza, hata chai sijanywa.

Sasa twende kwa utaratibu. Elieshi ni binti yangu wa pekee. Wa pekee kwa kuzaliwa, wa pekee kwa akili. Anaendesha treni. Sio kukagua tiketi, sio kufagia mabehewa. Kuendesha. Watu zaidi ya elfu moja wamekaa nyuma yake, na aliyeshika usukani ni mtoto niliyemzaa mimi, mwanamke wa Same, darasa la saba. Baba Elieshi anasema treni haina usukani. Baba Elieshi ana wivu.

Mchumba anaitwa Zephaniah. Ni nesi, anakaa Hounslow, hapa hapa London. Mpole, anakula anachopewa na anaosha sahani yake. Kasoro yake ni moja tu: mamake. Generosa, mtu wa Bukoba. Huyo mama amesema barua ya posa haitoki mpaka atujue sisi ni watu wa namna gani. Anaogopa wasichana waliokulia Ulaya. Anasema hawajui mgeni anapokelewaje. Ataanza kwa kumpima mama wa binti.

Jioni akapiga simu. Akaniamkia shikamoo. Nikajibu marahaba kabla sijafikiri, kumbe nimejifanya mkubwa kwake. Ile sauti ni ya mtu wa miaka sabini. Mimi nina sitini na mbili. Jambo hilo tutalirudia.

Akauliza Jumamosi huwa nafanya nini. Yeye, akasema, ni mtu wa mazoezi. Hutembea maili tano kila Jumamosi. Alivyoitamka hiyo tano, utadhani kaivumbua yeye. Nikamwambia hongera, mimi hutembea kumi.

Ulimi huu!

Kisha akasema vizuri sana. Kuna njia ya reli ya zamani huko kaskazini, vyuma viling'olewa kitambo, sasa watu wanatembea pale palipokuwa na treni. Maili kumi kamili. Twende sisi wawili tu, mama kwa mama, Jumamosi tarehe kumi na tano. Mtu humjui, akasema, mpaka utembee naye.

Nikasema nimefurahi. Miguu yangu ilikuwa kwenye beseni la maji ya moto wakati huo.

Jumatano, 5 Juni

Nimemwambia Baba Elieshi. Amezima redio ili acheke vizuri. Miaka thelathini na saba ya ndoa, hajawahi kuizima kwa ajili yangu. Anasema mimi napumzika nikitoka chumbani kwenda bafuni. Huo ni uzushi. Napumzika kwenye ngazi tu.

Alhamisi, 6 Juni

Mazoezi. Kutoka Hayes hadi Southall kwa miguu. Nimeondoka saa nne kwa hatua za kijeshi. Saa nne na dakika kumi na mbili nimekaa kwenye ukuta wa duka la matairi. Akapita dada mmoja wa kanisani, nikamwambia binti yangu anaendesha treni. Akasema anajua. Nikamwambia tena. Nilipofika nusu ya njia basi likasimama mbele yangu lenyewe, milango ikafunguka. Mtu hakatai neema. Nimeshukia Southall, nimekula sambusa mbili, nimerudi kwa basi.

Kwa ujumla ni mwanzo mzuri.

Ijumaa, 7 Juni

Viatu vimepatikana. Ni buti za kazi za Elieshi, zile za zamani. Zimenizidi saizi moja na nusu, nitajaza soksi kwa mbele. Elieshi akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba buti zile si za kutembelea, na kwamba ningemwambia tu ukweli mama wa watu. Nikamwambia ukweli utasemwa baada ya harusi. Akashika kichwa. Hata akishika kichwa ni mzuri.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwa jirani yangu Gurdial kuomba ushauri. Gurdial Singh alizaliwa Voi, baba yake alikuwa stesheni masta pale. Yeye mwenyewe ameendesha mabasi ya London miaka ishirini na sita, hakuna basi asilolijua. Kiswahili chake ni cha Kenya lakini kinafika.

Akakunja ndevu, akaangalia miguu yangu, akaangalia ramani. Akasema mama, usiogope. Reli ni kama wewe, haipendi mlima. Njia yote iko sawa kama meza. Nikauliza basi je. Akasema iko basi moja tu. Inapita juu ya daraja la maili ya tatu, pale penye stesheni kuukuu. Halafu inazunguka vijijini, inakuja kupita tena kwenye daraja jekundu, nusu maili kabla ya mwisho. Mara moja kwa saa. Ukiikosa, umekwisha.

Hapo mpango ukazaliwa.

Siwezi kumwambia Generosa nimechoka. Lakini Generosa akichoka yeye, mimi kama mwenyeji mwenye huruma nitamwambia mkwe wangu, usijiumize, tupande basi, mimi nisingepanda lakini ni kwa ajili yako. Achoke vipi? Kwa makande. Makande ya kwetu Upareni, mahindi na maharage, nazi nzito, sahani tatu. Mtu aliyekula sahani tatu za makande hatembei maili saba. Hata ng'ombe angelala.

Gurdial akasema baba yake alikuwa na msemo juu ya kushindilia makaa kwenye injini. Sikuungoja msemo. Nilikuwa nimeshaondoka kununua maharage.

Jumatatu, 10 Juni

Siku nzuri. Nimetoka zamu kule nyumba ya wazee ninakofanya kazi, nikapita stesheni kumpungia Elieshi. Treni yake hupita Hayes saa tisa na dakika nane. Nikawaambia watu wote kwenye jukwaa, yule anayekuja ni mwanangu. Mzee mmoja akavua kofia. Treni ikaingia. Dereva alikuwa mwanaume mwenye ndevu mpaka kifuani.

Alinipungia lakini. Wana adabu sana watu wa treni.

Kumbe Elieshi yuko mapumziko leo. Angeniambia.

Ijumaa, 14 Juni

Makande yamechemka tangu asubuhi. Hotipoti langu kubwa limejaa. Nimelipima kwenye mizani ya bafuni, karibu kilo tano. Sikulifikiria hilo la kulibeba.

Baba Elieshi ameonja, akasema ni makande bora kuliko yote niliyowahi kupika. Halafu akasema pole.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika nimelala, miguu iko juu ya mito mitatu. Ngoja nieleze yote.

Elieshi alinishusha mwanzo wa njia saa tatu na nusu. Tulipatana atanisubiri mwisho wa njia saa kumi, penye mgahawa wa chai. Generosa alikuwa ameshafika, ameegesha gari lake pale pale mwanzo. Mrefu, mweusi wa kupendeza, kilemba cha zambarau, raba mpya zinang'aa mpaka unaziba macho. Na fimbo mbili za kutembelea, kama anakwenda kupanda Kilimanjaro. Nikamwahi na shikamoo, kwa nguvu, kabla hajafungua mdomo. Akasita. Akasema marahaba. Sare, moja kwa moja.

Akapokea begi langu, kama mtu aliyelelewa. Akaliachia likagusa chini. Akauliza nimebeba nini. Nikamwambia vitafunwa.

Maili ya kwanza hakuna la kusema. Miti imekutana juu kama paa la kanisa, ndege wanaimba, ardhi imenyooka kama Gurdial alivyoahidi. Nilimweleza jinsi Elieshi alivyofaulu mtihani wa udereva wa treni mara ya kwanza. Maili ya pili alinieleza jinsi Zephaniah alivyoshika moyo wa mtu mkononi chumba cha upasuaji. Nikasema wangu hushika mioyo elfu moja na mia tano kwa mara moja, na yote inafika kazini. Akakohoa.

Maili ya tatu, stesheni kuukuu. Jukwaa bado lipo, limeota majani, kuna benchi. Daraja liko juu yetu na kituo cha basi nakiona kwa macho yangu. Saa yangu inasema basi limebakiza dakika ishirini. Nikafungua hotipoti.

Sahani ya kwanza alikula akasifu. Ya pili akala akilegeza mkanda. Nikajisemea, Generosa, umekwisha. Ndipo naye akafungua begi lake. Ndizi za kupika na maharage na samaki mkavu, bakuli ukubwa wa ndoo. Akanipakulia mlima. Utakataa chakula cha mama wa mkwe wako? Nikala. Akaongeza. Nikala. Halafu akatoa kikopo kidogo, senene wa kukaanga, wale panzi wa kwao Bukoba, mamake mdogo kamletea kutoka nyumbani. Macho yake yakanitazama usoni. Nikajua mtihani ndio huu. Nikafumba macho nikatia mdomoni.

Watamu. Jambo hilo lisisikike Same.

Wakati huo basi likapita juu ya daraja. Tuliliangalia wote wawili, mashavu yamejaa. Kwa mdomo uliojaa huwezi kusema tupande basi. Likaondoka. Nikamwona Generosa amelisindikiza kwa macho mpaka likapotea, nikadhani anapenda magari.

Akasimama yeye kwanza, akisaidiwa na fimbo zote mbili. Akasema twende mkwe, tusije tukapoa.

Maili ya nne na ya tano sizikumbuki vizuri. Makande yalikuwa yamejua yanamtafuta nani.

Maili ya sita tukawa wapole. Mtu akichoka sana majigambo yanakauka. Akaniambia kitu. Mwanawe mkubwa, kaka yake Zephaniah, ameoa Birmingham. Alipokwenda kuwatembelea, chai alijitengenezea mwenyewe. Hilo alisamehe. Lakini alipoaga, wale watoto walimpungia mkono wakiwa kwenye kochi. Hawakusimama. Mlango alijifungulia. Alikwenda mpaka kituo cha basi peke yake, na begi lake, na mvua. Akasema, Mama Elieshi, nilizaa watoto wawili. Nikipungiwa kwenye kochi na wa pili, sitakuwa na pa kwenda.

Ningemjibu kitu cha maana. Lakini soksi ya buti la kushoto ilikuwa imehamia chini ya kisigino na nilikuwa nauma midomo. Nikasema tu, pole mama.

Maili ya saba akauliza Elieshi akiwa zamu nani atamenya ndizi. Nikasema Zephaniah ana mikono, si anashikia mioyo? Halafu akacheka, akasimama kabisa akacheka, akashika mti. Nami nikashika mti wangu. Tulikaa kwenye ile miti muda mrefu kuliko kicheko chenyewe.

Tulifika mwisho saa tisa na nusu. Nitaiandika tena. Tulifika! Maili kumi, mimi, kwa miguu hii, na hotipoti. Pale mgahawani tulikunywa chai. Nusu saa zaidi na Elieshi angekuja na gari, na ushindi ungekuwa wangu mzima.

Generosa akasimama. Akasema haya mkwe, mimi narudi kulichukua gari langu. Nikauliza unarudije? Akasema kwa miguu, kwani kuna nini.

Moyoni nikasema nenda mama, nenda na Bwana. Mdomo ukasema ngoja nikusindikize. Sio mimi niliyesema. Ni mama yangu, amelala Same miaka kumi na tisa sasa, bado anaongea kwa mdomo wangu. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Unamtoa, unamfikisha njia panda, unasimama mpaka aishe machoni.

Tukatembea nusu maili nzima mpaka daraja jekundu. Nikamwambia basi mkwe, safari njema. Akaniangalia. Akasema siwezi kukuacha urudi peke yako, kichaka chote hiki. Akanirudisha mpaka mgahawani. Nikashukuru. Akaaga. Sasa yeye kanirudisha mimi, mimi nitamwacha aondoke hivi hivi? Nikamtoa tena mpaka darajani. Akasema Mama Elieshi, hapa pametosha. Nikasema pametosha. Tukapeana mikono. Nikageuka, nasikia fimbo nyuma yangu, ka, ka, ka. Ananirudisha.

Elieshi alikuwa ameshafika na Zephaniah. Walikuwa ndani ya gari, wanatuona tunapita dirishani, tunakwenda, tunarudi. Walidhani tunagombana. Elieshi alitaka kushuka, Zephaniah akamshika mkono, akamwambia kwa mama yake hayo ni mambo ya kawaida.

Mara ya tatu pale darajani hatukuagana. Tulikaa kwenye jiwe. Sijui nani alianza kuvua kiatu. Basi likatokea kwenye kona. Mikono miwili ikanyooka. Wa kwanza ulikuwa wa kwake, naapa. Akasema nimelisimamisha kwa ajili yako. Nikasema napanda kwa ajili yako. Dereva akasema tupande kwa ajili yake, ana ratiba.

Tulipokaa, Generosa akafumba macho. Akasema polepole, Mama Elieshi, mtu ana malengelenge kama yale, na bado ananitoa mara tatu. Mtoto wa mtu huyo hawezi kunipungia kwenye kochi. Barua itakuja.

Halafu akalala begani kwangu. Anakoroma kistaarabu. Sikumwamsha mpaka kituo cha mwisho, nilikompigia Elieshi simu waje watuchukue na kulifuata gari la Generosa. Bega langu limekufa ganzi mpaka sasa, na ndio kiungo pekee kisichouma.

Jumapili, 16 Juni

Kanisani sikwenda. Nimewatumia salamu na habari kwamba nimetembea maili kumi na mbili na nusu. Nusu ni ya mwisho ile ya kusindikiza, nimeihesabu, ni haki yangu.

Zephaniah amepiga simu kumuuliza Elieshi dawa ya malengelenge, yeye nesi. Kumbe anataka kujua kama mimi nimeamka, kwa sababu mamake anashuka ngazi kwa makalio. Ndipo yakatoka yote. Mamake hajawahi kutembea zaidi ya kwenda dukani. Zile maili tano ni za Zephaniah, simu yake huhesabu hatua anazopiga wodini kwa zamu moja, na mama aliziona. Hata ratiba ya basi lile alikuwa nayo, ameikunja ndani ya kilemba.

Nimeshtuka sana. Mtu mzima, mama wa watu, kudanganya kiasi hicho. Baba Elieshi akauliza na wewe je. Nikamwambia mimi nilizidisha. Kuzidisha ni hesabu, tunafundishwa shule.

Lakini nimemsamehe. Mtu aliyekula makande yangu sahani mbili na akanirudisha mara mbili ni ndugu.

Jumatano, 19 Juni

Generosa amepiga simu asubuhi. Tumeamkiana shikamoo kwa pamoja, tukacheka, tukaacha hivyo hivyo. Barua imeandikwa. Mshenga amepatikana, mzee wa heshima kutoka Hounslow, ana suti. Watakuja watu kumi na nane. Nimekubali bila kupumua. Elieshi nimemfundisha leo saa nzima: mgeni akisimama unasimama, mgeni akitoka unatoka, unamfikisha mpaka kwenye gari na gari likiondoka unabaki umesimama. Akasema kwa Kiswahili, kwa Kiswahili kabisa, mama najua, nimekuona ukifanya hivyo tangu nikiwa mdogo. Nikaenda jikoni kukata vitunguu ambavyo sikuwa na haja navyo.

Sasa kuna jambo dogo. Generosa alisema kwao Bukoba huwezi kupokea wakwe kwa mboga za kununua. Alisema yeye mchicha wake hulima mwenyewe, kwenye ndoo mbili dirishani.

Ndoo mbili. Alivyoitamka hiyo mbili.

Nikamwambia mimi nina shamba nyuma ya nyumba. Mchicha, maboga, kunde, matuta sita.

Nyuma ya nyumba kuna saruji na friji la zamani la Baba Elieshi. Nimeshakwenda kwa Gurdial. Anamjua mtu Southall mwenye mchicha uliokwisha kukua, unauzwa na udongo wake. Tutautandaza juu ya saruji Ijumaa mchana, siku moja kabla ya ugeni, friji tutalifunika kwa majani ya maboga, na wageni watauangalia kwa mbali, kutoka jikoni. Gurdial alikunja ndevu, akasema mama, hiyo saruji nayo ni kama wewe. Sikungoja amalize.

Mpango hauna tundu. Baba Elieshi amezima redio tena.

Wote wanakuja Jumamosi, tarehe sita Julai, saa nane mchana.